Nyama na maziwa katika Talmudi: tuanzie wapi kusoma Hulini sura ya 8?

Msomaji_Uyole:

Habari za jioni wadau. Tuko watu sita wa kikundi cha Biblia hapa Uyole, Mbeya. Tumemaliza vitabu vitano vya Musa, na mstari mmoja umetukwamisha: usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Umeandikwa mara tatu (Kutoka 23:19, Kutoka 34:26, Kumbukumbu la Torati 14:21), haukufafanuliwa hata mara moja, na juu yake Wayahudi wamejenga sheria nzima ya jikoni. Tunataka kuisoma Talmudi yenyewe, tuone hatua kwa hatua inavyotoka kwenye mstari mpaka kwenye sufuria. Mihtasari tumeshasoma ya kutosha.

Tunakutana Jumapili kwa dakika 90. Kiingereza tunakimudu. Kiebrania mmoja wetu anasoma herufi tu, maana hajui. Tunaomba msaada kwenye haya: tuanzie ukurasa gani? Kuku ameingiaje humo, naye hana maziwa? Zile saa 6 za kusubiri baada ya kula nyama ziko wapi, maana tumezitafuta hatuzioni? Tone la maziwa likidondokea chungu cha nyama, hesabu yake inakwendaje? Halafu kuna mwenzetu anashikilia kwamba Mwanzo 18:8, pale Ibrahimu anapowaandalia wageni siagi, maziwa na ndama, inafunga mjadala wote.


Mwl_Kihesa:

Ndugu Msomaji, karibuni sana kwenye somo hili. Mahali penyewe ni kitabu cha Hulini, katika fungu la Kodashimu. Neno hulini maana yake ni vitu vya kawaida, visivyowekwa wakfu: yaani nyama ya kuliwa nyumbani, si ya madhabahuni. Kina sura 12, na mnayoitaka ni ya 8, iitwayo Kol ha-Basar, "Nyama yote". Inaanzia 103b na kuishia 117b. Namba ni ya karatasi, herufi ni ya upande: 104a ni mbele, 104b ni nyuma. Mpangilio huo umefuata chapa ya Daniel Bomberg ya Venice, 1520 hadi 1523, kwa hiyo ukimwambia mtu "104a", awe Yerusalemu au Iringa, anafungua palepale. Katikati ya ukurasa kuna Mishna (sheria za kale kwa maneno mafupi) na Gemara (mjadala wa marabi juu yake), upande wa mshono kuna maelezo ya Rashi (1040–1105, wa Troyes, Ufaransa), na upande wa nje kuna Tosafoti, wafafanuzi waliokuja baada yake na wanaombishia mara kwa mara. Tovuti ya Sefaria inayo maandishi ya Kiaramu na tafsiri ya Kiingereza bure.

Sasa, msianzie 103b. Hilo ndilo kosa linaloua vikundi vingi. Gemara haimfundishi mtu anayeanza; inazungumza na mtu ambaye tayari ana Mishna yote kichwani, na mstari wa kwanza tu unaweza kumrukia mbele karatasi kumi. Jumapili ya kwanza someni Mishna peke yake, Hulini 8:1 mpaka 8:4, kwa sauti, mara mbili. Ni fupi, dakika 20 zinatosha, na zinazobaki mzitumie kuandika kila hukumu kwa sentensi moja ya Kiswahili chenu. Jumapili ya pili nendeni 113a mpaka 113b, kisha 115b: huko ndiko mstari wa Biblia unakochambuliwa. Ya tatu na ya nne rudini 104a mpaka mwanzo wa 105a. Kutoka hapo chini mpaka 107b maongezi yanahamia kwenye kunawa mikono. Ni mazuri, lakini kwa raundi ya kwanza yapiteni, mtapoteza uzi. Kisha 108a na 108b (tone la maziwa), 109b na 110a (kiwele), na 111b (samaki kwenye sahani). Nusu ya upande mmoja kwa dakika 90 ni mwendo mzuri. Wapo wanaosoma karatasi nzima kila siku, mpango uliotangazwa Vienna mwaka 1923 na unaochukua karibu miaka saba na nusu, lakini huo ni wa watu waliokwisha kuzoea.

Gawanyikeni wawili wawili. Mmoja asome, mwenzake amkatize kwa maswali, kisha mbadilishane. Chapeni kurasa na muache nafasi pana pembeni, kwa sababu Gemara haina nukta wala alama ya kuuliza, na kazi ya kuziweka ni yenu. Pembeni andikeni S kwa swali, J kwa jibu, P kwa pingamizi, U kwa ushahidi. Maneno yenyewe yatawaonyesha: iba'ya lehu maana yake "waliuliza", ta shema ni "njoo usikie", yaani ushahidi unaletwa, metivi ni pingamizi kutoka maandiko ya zamani zaidi, na teku ni swali lililobaki bila jibu. Msivuke S yoyote kabla hamjaiona J yake au teku yake. Mkivuka, mtachukua pingamizi mkaliita hukumu, na makundi mengi yanayosema "Talmudi inasema hivi" yamekosea hapo hapo: walinukuu maneno ya upande ulioshindwa.

Jambo ninalowaomba mlishike kuliko yote ni hili: msisome mkiwa na Biblia ya Kiswahili pekee mezani. Angalieni neno mwana-mbuzi. Kwa Kiebrania ni gedi. Kwenye 113b Gemara inauliza: tunajuaje kwamba ng'ombe na kondoo nao wamo? Jibu lake: kwenye Mwanzo 38 Yuda anapeleka gedi izim, "gedi wa mbuzi", na kwenye Mwanzo 27:16 kuna ngozi za gedi wa mbuzi. Kama gedi peke yake ingetosha kumaanisha mtoto wa mbuzi, Torati isingekuwa na haja ya kuongeza "wa mbuzi". Basi pale isipoongeza, gedi ni mtoto wa mnyama yeyote wa namna hiyo, ndama na mwana-kondoo wakiwemo. Kwa Kiswahili hoja hiyo haiwezi hata kuanza, maana mbuzi ameshakaa ndani ya neno lenyewe. Mfasiri hakukosa, lugha ndiyo iliyofunga mlango. Kwa hiyo kila somo andikeni kwenye karatasi maneno manne au matano ya Kiebrania yanayobeba hoja: basar (nyama), halav (maziwa), gevina (jibini), bishul (kupika), noten ta'am (kutia ladha).

Halav nalo lina yake. Kwa konsonanti tupu ni herufi tatu, h-l-b, na zinaweza kusomwa halav, maziwa, au helev, mafuta. Anayejua Kiswahili kilivyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu bila irabu ataelewa shida hiyo mara moja. Swali hilo limeulizwa kwenye Sanhedrini 4b, na jibu linatoka kwenye kitenzi: Torati imekataza kwa njia ya kupika. Someni ukurasa huo siku mtakapokuwa na nafasi.

Kuhusu kuku, anzeni na sentensi ya kwanza ya Mishna 8:1. Nyama yote imekatazwa kupikwa katika maziwa, isipokuwa nyama ya samaki na nzige. Kuku hakutolewa, basi yumo. Halafu Mishna hiyohiyo inasema: aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama anaruhusiwa samaki na nzige. Gemara inadaka hapo: kumbe ndege amekatazwa, na hiyo ni kauli ya nani? Ya Rabi Akiva, aliyesema kwamba kitu chochote ambacho mtu aliyetumwa angerudi kukiulizia, kitu hicho ni cha jinsi ileile. Mtume mtoto soko la Mwanjelwa akanunue nyama. Asipoikuta atakupigia simu: "Nyama hakuna, nichukue kuku?" Kule kuuliza kwake kunaonyesha kwamba kuku yuko kwenye jamii ya nyama.

Lakini Rabi Akiva huyohuyo, kwenye 8:4, anasema mnyama wa porini na ndege hawakukatazwa na Torati yenyewe, kwa sababu neno gedi limetajwa mara tatu ili kuwatoa watatu: mnyama wa porini, ndege, na mnyama najisi. Mbona anagongana? Rav Yosef anajibu kwamba mhariri wa Mishna alichukua maoni tofauti, nadhiri kwa Akiva na maziwa kwa wenzake. Rav Ashi anajibu vizuri zaidi, kwa maoni yangu: yote ni ya Akiva, na maana yake ni kwamba nyama yote imekatazwa, nyingine kwa neno la Torati na nyingine kwa neno la waandishi. Kuku yuko kwenye kundi la pili. Na yule Rabi Yose Mgalilaya wa 8:4 alisema ulivyosema wewe: "maziwa ya mamaye" humtoa ndege, kwa kuwa mama yake hana maziwa. Mji wake walikula kuku na maziwa, imeandikwa 116a.


Mzee_Makambako:

Mwalimu amesema vema. Naongeza kwenye saa 6, maana hapa watu wengi huchanganya tabaka za vitabu.

Ndugu Msomaji, hamkuziona kwa sababu Talmudi haina saa 6 popote. Kilichopo kwenye 105a ni Rav Hisda: aliyekula nyama amekatazwa jibini, aliyekula jibini ameruhusiwa nyama. Muda hakuutaja. Aliulizwa, je, nyama iliyobaki kati ya meno? Akajibu kwa Hesabu 11:33, nyama ilipokuwa ingali kati ya meno yao: kumbe nayo bado inaitwa nyama. Kisha anakuja Mar Ukva: kwa baba yangu mimi ni siki mwana wa divai, baba akila nyama leo halili jibini mpaka kesho saa kama hii, lakini mimi siili katika mlo huu tu, mlo mwingine naila.

Hapo pa "mlo mwingine" ndipo pote pametoka. Tosafoti walisema ukiondoa vyombo na kushukuru, mlo umekwisha, mwingine waweza kuanza. Rambam (yaani Maimonides, aliyefariki 1204) alipima umbali wa kawaida kati ya mlo na mlo, akaandika kama saa 6, na sababu yake ni ile nyama ya kwenye meno. Rashi sababu yake ni tofauti: nyama hutoa mafuta yanayoganda kinywani na ladha hudumu. Tofauti hiyo ni ya maana, maana aliyetafuna nyama kumlainishia mtoto bila kuimeza ana jibu moja kwa Rambam na lingine kwa Rashi. Yosef Karo aliziweka saa 6 kwenye Shulhani Arukhi, kitabu chake cha sheria kilichochapwa Venice 1565, sehemu ya Yoreh Deah 89:1. Palepale Moshe Isserles wa Kraków ameandika kwamba kwao watu wamezoea saa 1, ingawa inafaa kusubiri 6. Wayahudi wa asili ya Ujerumani wana desturi ya saa 3. Kwa hiyo mkikuta mtu anasema "Talmudi imeamuru saa 6", mwulizeni karatasi ipi.

Jibini kabla ya nyama ni rahisi: unakagua mikono au kunawa, unafuta kinywa kwa kula kitu, unasukutua. Kitu gani kinafuta? 105a inaanza na mkate, inabishana ngano au shayiri, inamalizia kwamba kila kitu kinafaa isipokuwa unga, tende na mboga za majani, maana hivyo hunata.

Kuhusu Ibrahimu. Hayo yalikuwa kabla ya Sinai, na Talmudi haiutumii mstari huo kuamua sheria ya nyama na maziwa. Iliposimama kwenye mstari huo, Baba Metzia 86b mpaka 87a, swali lake ni lingine: siagi, maziwa na ndama vipo, mkate uko wapi? Tena inasema kila kilichokuwa tayari alikileta kwanza. Siagi na maziwa hutangulia ndama kuiva, kwa hiyo hata kwa mpangilio wa mezani hapagongani na Rav Hisda. Mwambieni mwenzenu aisome.


Binti_Rungwe:

Shikamooni wakubwa. Naomba mimi niliseme la tone, kwa sababu hapo namba zinachezewa vibaya.

Mishna 8:3: tone la maziwa lililodondoka juu ya kipande cha nyama, kama lina kiasi cha kutia ladha katika kipande kile, kimekatazwa. Akikoroga chungu, kinachotazamwa ni kama linatia ladha katika chungu kizima. Mishna haisemi moja kwa sitini, yaani kwamba chakula kiwe mara sitini ya kilichodondoka. Inasema ladha. Kipimo cha kwanza kilikuwa mpishi asiye Myahudi: anaonja, anasema kuna maziwa au hakuna. Sitini inaingia kwa Rava, 97a na 97b, kwa pale ambapo hakuna wa kuonja au ladha hazitofautiani. Kwenye 98b wanaitoa kwenye bega la kondoo dume wa Mnadhiri, Hesabu 6, ambalo lilipikwa pamoja na mnyama mzima ingawa bega ni la kuhani peke yake. Mmoja alipima nyama na mifupa dhidi ya nyama na mifupa, akapata 60. Mwingine nyama tupu dhidi ya nyama tupu, akapata 100. Iliyoshika ni 60. Karo bado anamkubali mpishi wa kuonja. Isserles anasema kwao hawamtegemei tena, wanataka 60 siku zote.

Pimeni kwa ujazo, msipime kwa uzito. Chukueni mfano: sufuria ina lita 3, ukihesabu nyama, mchuzi, viazi na vitunguu pamoja. Imedondoka maziwa kijiko kimoja cha chai, mililita 5. Mara sitini ya 5 ni 300. Ndani mna 3000. Imezama kabisa, chakula ni halali. Kiwango cha juu kwa sufuria hiyo ni mililita 50, kama vijiko 10 vya chai. Hiyo ni kama maziwa yamechanganyika na vyote mara moja.

Sasa sogezeni kipande. Kuna pande la nyama limechomoza juu ya mchuzi, ujazo wake ni mililita 100, na kijiko kile kimelidondokea lenyewe. 300 zinahitajika, pande lina 100. Limekatazwa. Na hapa Rav (ndilo jina lake, si cheo tu), 108a, anasema: ikishaingia ladha katika kipande, kipande chenyewe kinageuka kama mzoga. Maana yake, mkikizamisha sasa kwenye mchuzi, hamtafuti tena sitini dhidi ya mililita 5 za maziwa. Mnatafuta sitini dhidi ya mililita 100 zote za kipande: lita 6. Sufuria ni ya lita 3, haitoshi, yote imekatazwa. Maziwa ni yaleyale, sufuria ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyekoroga papo hapo. Ndiyo maana 108b inahangaika sana na lini alikoroga, mwanzo au mwisho.

Chora sufuria ubaoni na huo mstari wa mchuzi, pande likiwa nusu juu nusu chini. Bila mchoro ukurasa huo hausomeki.


Msomaji_Uyole:

Asanteni sana, mmetupa kazi ya miezi. Dada Binti, nimekwama mahali. Pande likiwa nusu ndani ya mchuzi, mbona mchuzi wenyewe usisaidie kusambaza? Ladha si inashuka? Na pili, kama tunapika kuku kwa tui la nazi, tui linahesabiwa nini?


Binti_Rungwe:

Swali lako la kwanza ni zuri, na wafafanuzi wenyewe waligawanyika hapo, kwa hiyo usilitafutie jibu moja. Wapo waliosema sehemu iliyozama inatosha kuliunganisha pande na chungu chote. Wapo waliosema kama tone liliangukia sehemu iliyo nje, tulipime pande peke yake. Mtaliona katika Yoreh Deah 92, ambayo kwa sehemu kubwa inafuata ukurasa wa 108. Kwenye sajili yenu andikeni maoni yote mawili, kila moja na sababu yake. Na muwe wazi kwa wanakikundi: haya ni masomo. Mtu anayeishika sheria hii nyumbani kwake akipata ajali ya namna hiyo anampelekea rabi swali.

Tui la nazi si maziwa. Halav ni ya mnyama, na kwa kauli ya 8:4 lazima awe mnyama safi: nyama ya mnyama safi katika maziwa ya mnyama najisi inaruhusiwa kupikwa na kutumiwa kwa manufaa mengine, ingawa kuliwa ni shauri lingine. Hata hivyo Isserles, Yoreh Deah 87, anazungumzia maziwa ya lozi: ukipika nyama nayo, weka lozi kando ya sahani ili mtazamaji asidhani ni maziwa ya ng'ombe, kwa kuku, akasema, hapana haja, kwa kuwa kuku ni neno la waandishi tu. Tui lina sura ileile. Kuku wa nazi kwa kipimo chake hana shida.


Mwl_Kihesa:

Binti umeeleza vizuri mno. Ninachotofautiana nawe ni kimoja: kipande cha mzoga kisifundishwe kabla ya meza. Mtu asiyeelewa 104b ataona sitini kama hesabu tupu. Kwenye 104b wanauliza kwa nini kuku na jibini wasiwe hata juu ya meza moja. Rav Sheshet anapinga: si ni baridi kwa baridi tu? Abaye: huenda akaviweka kwenye chungu kinachochemka. Pingamizi: akiviweka sahanini, hicho ni chombo cha pili, na chombo cha pili hakipiki. Jibu: wanaogopa chombo cha kwanza. Chombo cha kwanza ni sufuria iliyotoka motoni, hata kama sasa imeshateremshwa mafigani. Cha pili ni sahani uliyopakulia. Tofauti hiyo inarudi mbele tena na tena. Na Mishna inaongeza kwamba hiyo ni meza ya kulia. Meza ya kupangia vyakula jikoni, weka hiki kando ya kile wala usihofu.

111b nayo inahitaji hiyo. Samaki wa moto amewekwa kwenye sahani iliyoliwa nyama. Rav: asiliwe na kutahi, ule mchuzi wa kuchovya wa Babeli, wa maziwa yaliyochacha, ukoko wa mkate na chumvi. Shmueli: aliwe. Sababu ya Shmueli ni ladha mwana wa ladha: nyama ilitia sahani, sahani ikamtia samaki, na mpaka hapo hakuna kilichokatazwa bado. Hukumu imekwenda na Shmueli.


Mzee_Makambako:

Kabla hamjaachana, msiruke kiwele. Wengi hukiruka kwa kuona ni habari ya buchani. Ukurasa wa 109b na 110a ndio unaoonyesha sheria ikikutana na watu.

Kiwele cha ng'ombe ni nyama yenye maziwa ndani yake. Mishna 8:3: akipasue, atoe maziwa yake. Gemara inaeleza jinsi: kwa kuchoma, pasua tu. Kwa chungu, kata mistari ya kupishana, urefu na upana, kisha ukigandamize ukutani mpaka maziwa yatoke. Kisu kikikata mistari ya upande mmoja tu, vifuko vya maziwa vilivyolala sambamba na kisu vinabaki vizima, ndiyo maana ya kupishana. Na hapo Yalta anamwambia mumewe Rav Nahman: kila alichotukataza Mungu ametupa mfano wake kilicho halali, damu ametukataza, ini ametupa, nataka kula nyama na maziwa. Rav Nahman akawaambia wapishi wamchomee viwele.

Halafu geuzeni 110a. Sura na Pumbedita ni miji ya Babeli: Sura hawali viwele, Pumbedita wanakula. Kwa nini Sura hawali? Rav alifika Tatlefushi akamsikia mwanamke akimwuliza jirani: robo ya nyama inataka maziwa kiasi gani kuipikia? Rav akaona hawa hawajui hata kwamba nyama na maziwa imekatazwa, akakaa akawakataza viwele. Gemara yenyewe inatumia maneno haya: Rav alikuta bonde lililo wazi, akalizungushia ugo. Kiwele hakikuwa haramu. Mahali ndipo palipohitaji ugo.

Sasa Rami bar Tamri, mtu wa Pumbedita, anafika Sura siku ya kuamkia Upatanisho, anakuta watu wote wametupa viwele vyao. Anaviokota, anakula. Wanampeleka kwa Rav Hisda. Mbona umefanya hivi? Mimi ni wa kwa Rav Yehuda, kwetu tunakula. Hujui kwamba mtu hubeba ukali wa mahali alikotoka na ukali wa mahali alikofika? Nilikula nje ya mpaka. Ulichomea nini? Kokwa za zabibu. Huenda ni za divai iliyokatazwa? Zilikuwa zimepita miezi 12. Huenda zimeibwa? Majani yalishaota juu yake, wenyewe walishakata tamaa.

Ndugu Msomaji, siku hiyo wape wawili wasome kwa sauti, mmoja Rav Hisda, mmoja Rami, na wanne waandike pembeni kila swali linagusa sheria ipi: mpaka, divai, wizi, kukata tamaa kwa mwenye mali. Mkiweza kuziandika zote bila kuchungulia tafsiri, 111b mtaisoma wenyewe.